Spiriti Ikauke Kwanza

Watu wa rika langu wakikaa kuzungumzia miaka ile soko lilipofunguliwa na biashara kuwa huria, wengi huanza na sifa. Watasema maduka ya Bariadi yalijaa, sukari haikupangiwa foleni tena, mitumba ilifika hadi Nkoma, na wanunuzi binafsi wa pamba walikuja na malori yao wakalipa papo hapo. Yote ni kweli. Mimi huwaacha wamalize, halafu nawauliza wodi ya watoto ilikuwa na nini. Hapo maongezi hupoa, na hakosekani mtu wa kusema kwamba napenda kuharibu mazungumzo. Napenda, ndiyo.

Nilikuwa karani wa kupima pamba kwenye chama cha msingi cha ushirika. Walipokuja wanunuzi binafsi, mizani yetu ilikaa bure msimu mzima, na msimu uliofuata hatukuitwa kazini. Nikaanza kuuza vitenge sokoni mjini. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole, mwenye heshima kwa kila aliyekalia kiti cha ofisi. Nilimpenda kwa upole huo, na niligombana naye kwa upole huo huo.

Hospitalini nako soko lilikuwa limeingia kwa mlango wake. Zamani ulikwenda mikono mitupu, ukapata dawa au mkaikosa wote. Sasa tuliambiwa tuchangie. Mgonjwa alikuja na glavu zake, sindano zake, plasta yake na spiriti yake. Ukitoka nje ya geti, duka la dawa lilikuwa ng'ambo tu ya barabara, jipya, limepakwa rangi, na ndani yake kulikuwa na kila kitu ambacho wodini hakikuwepo. Sikumlaumu mwenye duka. Alikuwa mfanyabiashara, na kuuza ndiyo kazi yake. Kilichonichoma ni jinsi watu wa wodini walivyolizoea neno "hakuna". Walilitamka kama mtu anavyokwambia leo ni Jumanne.

Neno hilo ndilo lililomuua mwanangu wa kwanza. Nasema hivyo bila kuzunguka. Alizaliwa akapata homa, ikabidi awekewe kanula, kile kibomba kidogo cha plastiki kinachoachwa ndani ya mshipa ili dawa na dripu vipite bila kumchoma mtoto kila mara. Spiriti haikuwepo. Aliyemwekea alipafuta mahali pale kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya ndoo, akachoma. Homa ile ya kwanza iliisha, tena mapema. Kisha mkono ukavimba pale kanula ilipoingilia, ukawa mwekundu, ukatoa usaha, ikaja homa nyingine ambayo haikuisha. Tulimzika Nkoma, nyumbani kwa baba yake. Waliokuja msibani waliniambia ni mpango wa Mungu. Niliwasikiliza kwa sababu walikuwa wametembea mbali, lakini moyoni nilikataa na hadi leo nakataa. Mungu hakupanga mkono wa mtoto usafishwe kwa maji ya ndoo.

Kwa hiyo binti yangu alipokuja kabla ya miezi yake kutimia, alinikuta nimeshakuwa mtu mwingine. Alikuwa njiti, mdogo kiasi kwamba kichwa chake kilienea kwenye kiganja cha nesi, na ngozi yake nyembamba hadi mishipa ilionekana. Hakuweza kunyonya. Walimlaza kwenye kona yenye joto kidogo mwisho wa wodi, wakaniambia ataishi kwa dripu na matone ya maziwa mpaka apate nguvu. Nilijua maana yake. Nikamwambia nesi wa zamu kabla hajashika chochote, "Sista, huyu hachomwi kwenye ngozi chafu. Mimi nitakaa hapa hapa."

Nesi huyo alikuwa mama wa makamo aliyesomea kazi kwenye hospitali ya misheni. Nilitegemea anifukuze. Alinitazama, akaniuliza kama nina spiriti. Nilikuwa nayo mkobani, nimeinunua tangu mimba ilipoanza kuonekana. Akatoa kabatini kipande cha mwisho cha pamba ya hospitali, akanawa mikono kwa sabuni, akaniambia na mimi ninawe, halafu akaanza kazi huku akinieleza taratibu.

"Unapaka kidogo, humwagii. Ngozi ya njiti ni changa, spiriti ikituama inamuunguza. Unafuta kuanzia katikati kwenda nje. Halafu unaacha."

"Unaacha nini?"

"Unaacha ikauke. Watu wengi wanaharibu hapo. Lazima uipe nafasi ifanye kazi yake. Ukichoma ngozi ikiwa bado mbichi, umejisumbua bure. Na ukishapaka, hupagusi tena kwa kidole. Kidole kina mambo yake."

Tukasubiri. Nilishangaa jinsi kusubiri kwenyewe kulivyokuwa kufupi. Ni muda wa kusalimiana na jirani, tena jirani usiyempenda. Akachoma mgongo wa kiganja, akabandika plasta, akafungia kipande cha boksi chini ya mkono ili usikunjike. Nikajiambia, kumbe wanajua. Na kujua kwao kukaniudhi zaidi, maana mwanangu wa kwanza hakufa kwa kukosekana mtu anayejua.

Sasa kuna jambo la aibu ambalo nataka lijulikane. Sisi ndio tunaolima pamba. Ukitoka Bariadi kuelekea upande wowote, Itilima, Maswa au Meatu, utaiona shambani, utaiona kwenye maghala, utaiona imenasa kwenye miiba kandokando ya barabara malori yanapopita. Na wodi yetu haikuwa na pamba ya kufutia mkono wa mtoto. Akina mama wakawa wanajiletea. Kila aliyekuja kujifungua alikuja na kifurushi cha pamba ya shambani kwake, na aliyesahau aliazimwa na wa kitanda cha jirani. Hakuna aliyeona kosa. Pamba ni pamba.

Mama mkwe wangu alifika kutoka Nkoma akiwa amebeba foronya iliyojaa pamba, na kibuyu cha samli mkononi.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia kwa Kisukuma, nikipiga goti kama inavyotakiwa.

"Mwangaluka, ng'wanawane. Mhola?"

"Mhola."

Aliifungua foronya mbele ya nesi kama mtu anayefungua mahari. "Hii sikuwauzia wale wa malori," alisema. "Nimeichambua mwenyewe. Hamna jani hata moja."

Na kweli. Nimeshika pamba maisha yangu yote, na ile ilikuwa pamba safi ambayo hakuna karani angethubutu kuiita fifi, yaani ya daraja la pili. Nesi alichukua kidonge kidogo, akakidondoshea spiriti. Tone lilikaa juu, likateleza, likaanguka sakafuni, pamba ikabaki kavu. Akadondosha tena, likateleza tena.

"Mayu, pamba yako ni nzuri," nesi alimwambia kwa upole. "Lakini ni mbichi. Ina mafuta yake ya asili, haishiki maji wala spiriti. Nikimfutia mtoto kwa hii, nahamisha uchafu tu. Na huko shambani mmeipiga dawa ya wadudu."

Nilikumbuka wajanja waliokuwa wakiinyunyizia pamba maji ili ipande uzito, halafu wakalalamika mbele ya mizani yangu kwamba maji yanateleza. Nilikuwa nimewacheka. Safari hii sikucheka, kwa sababu mama mkwe alikuwa ameinamisha kichwa, na foronya ile ilikuwa zawadi ya moyo wake wote. Akina mama wengine wakaanza kuvuta vifurushi vyao chini ya vitanda, kila mmoja akidondoshea maji kujaribu, na kila mmoja akiona vilevile.

Nesi akasema kwamba miaka ya shida ile kubwa, bidhaa zilipoadimika nchi nzima, kule misheni walikuwa wakiichemsha pamba ya shamba kwa magadi mpaka mafuta yatoke. Aliyasema kama mtu anayepiga soga. Mama mkwe aliinua kichwa.

"Magadi?" aliuliza. "Hayo niachie mimi."

Nyuma ya wodi kulikuwa na kibanda ambamo jamaa wa wagonjwa walipikia. Alikiteka. Akina mama waliokuwa na nafuu walikaa mkekani wakitoa mbegu kwa vidole, yeye akisimamia sufuria, na povu la rangi ya chai likawa linapanda akiliengua kwa mwiko. Aliisuuza mpaka maji yakawa meupe, akaianika juu ya shuka safi, akakaa karibu kuwafukuza kuku. Nesi aliifunga kwenye vitambaa, akaiingiza kwenye mtungi wa mvuke pamoja na vyombo vya upasuaji. Ilipotoka, ilinyonya spiriti hadi tone la mwisho. Mama mkwe aliomba kuona tena, na tena, mpaka nesi akamsihi asiimalize chupa.

Kwa hiyo nikavuka barabara kununua nyingine. Muuzaji alinimiminia kutoka kwenye dumu, kwenye chupa ya soda. Nikakataa.

"Ni ile ile, mama," alisema.

"Kama ni ile ile, nipe ambayo haijafunguliwa."

Alicheka, akanipa. Niliporudi, nilikuta kanula imelala kitandani, na mkono wa mwanangu una alama ya damu.

Kwetu mtoto mchanga hupakwa samli. Hakuna anayefikiri mara mbili. Mama mkwe alikuwa ameiona ngozi ya mjukuu wake inakauka na kubanduka kidogo pale spiriti ilipopita, akaona huruma, akafungua kibuyu, akampaka kuanzia utosini hadi vidoleni, pamoja na mkono wenye dripu. Plasta ikaachia. Kanula ikatoka yenyewe.

"Alikuwa anakauka," aliniambia. Mikono yake ilikuwa bado inang'aa.

Nilikasirika. Nilitoka nje, nikaegemea ukuta wa wodi, nikawa napigapiga kisigino chini kama ng'ombe anayesumbuliwa na mbung'o. Nilimchukia kwa dakika zile, na naandika neno hilo nikijua uzito wake. Halafu nikakumbuka kwamba aliyezikwa Nkoma alikuwa mjukuu wake pia, na kwamba ni yeye aliyemwosha. Nikarudi ndani.

Nesi alikuwa ameshaondoa samli kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Alitafuta mshipa mwingine, akajaribu, ukapasuka. Akaweka sindano chini. "Mimi simchomi tena," alisema. "Mishipa imejificha. Namwita daktari." Midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kukauka, na kilio chake kimekuwa kidogo mno. Bila kanula asingefika asubuhi. Na kanula iliyowekwa ovyo ingemfanya kama ilivyomfanya kaka yake. Hayo mawili niliyaelewa vizuri kuliko mtu yeyote wodini.

Daktari alikuja mbio kutoka chumba cha upasuaji. Alikuwa kijana, aliyeletwa kwetu kutoka mkoa mwingine, na kila mtu alisema ana mikono mizuri. Alikuwa amechoka, macho yalionyesha. Alinawa upesi. Nesi akapaka spiriti kwenye mguu wa mtoto, karibu na kifundo. Ngozi ikiwa bado inameremeta, daktari akaweka dole gumba pale pale palipopakwa, akausaka mshipa, akachukua sindano.

Nikamshika mkono, juu kidogo ya kiganja, nikaubana.

"Daktari, umepagusa. Na bado ni mbichi."

Aliutazama mkono wangu kama kitu kilichoanguka kutoka darini. "Mama, niachie."

"Apake tena. Tusubiri ikauke."

"Nani amemfundisha huyu?" alimuuliza nesi.

Nesi aliangalia chini. Ilikuwa miezi ya watumishi kupunguzwa kazi, na kila mwajiriwa alikuwa akipima maneno yake. "Nimejifundisha mwenyewe," nilisema.

"Nina mgonjwa mezani. Nina wodi nzima. Nikisubiri spiriti ikauke kwa kila mtoto, nitamaliza lini?"

"Sijui utamaliza lini. Mimi nataka uanze vizuri."

Mume wangu alikuwa ameingia wakati huo kutoka shuleni, vumbi la chaki bado kwenye mikono ya shati. Alisogea karibu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, mwombe daktari radhi. Asije akatuacha." Nilimwelewa. Aliogopa, na aliogopa kitu cha kweli. Hatukuwa na hospitali nyingine wala daktari mwingine. Lakini sikuuachia ule mkono.

"Kama hunitaki," daktari alisema, "mchukue mtoto wako mwende nyumbani."

Niliubana ule mkono zaidi. "Siendi nyumbani," nikasema. "Nataka umchome. Nataka umchome wewe, kwa sababu wanasema unajua. Ila umchome kwenye ngozi safi."

Hapo mama mkwe aliinuka kwenye mkeka kando ya kitanda. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na mbele ya wakubwa hakukitumia kamwe. "Dokta," alisema, "samli nimepaka mimi. Nimeharibu mimi. Mjukuu mmoja nimeisha zika. Huyu simziki."

Daktari alimgeukia, akaanza kueleza. Alisema hospitali ina utaratibu. Alisema jamaa wa wagonjwa hawatakiwi kuingilia kazi ya watu waliosoma, na kwamba angeweza kutuondoa wote wodini saa hiyo hiyo. Mimi nikajibu kwamba kama utaratibu ungekuwepo, spiriti ingekuwa kabatini na si mkobani mwangu. Yeye akasema spiriti hailetwi na yeye. Nikasema najua, lakini sindano inashikwa na yeye. Tulijibizana hivyo, sauti zikipanda, mume wangu akituangalia mmoja baada ya mwingine kama anayetazama mpira. Hatukuona kwamba nesi alikuwa amechukua pamba ile ya magadi kwa kibanio, akailowesha, akaupaka tena mguu wa mtoto kuanzia katikati kwenda nje, na kurudi nyuma hatua moja.

"Daktari," alisema nesi, "imekauka."

Kutoka kitanda cha mbali mwanamke mmoja alicheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Niliuachia mkono. Daktari aliutazama ule mguu mdogo, mkavu, akavuta pumzi, akainama. Aliingia mshipani mara moja, bila kutafuta, na damu ikarudi kwenye kibomba kama inavyotakiwa. Walikuwa wamesema kweli kuhusu mikono yake. Hilo sijawahi kulificha.

Niliitwa ofisini kwa muuguzi mkuu. Niliambiwa nimemdhalilisha daktari, nimwombe radhi ama niondoke wodini. Nilisema nitaondoka siku mwanangu atakapoondoka, na nikarudi kitandani. Hakuna aliyenifuata. Mume wangu hakusema nami jioni ile. Kesho yake alikuja na mche mzima wa sabuni, akauweka kando ya beseni la kunawia, akaenda zake shuleni. Nililia nilipouona.

Daktari naye hakunisalimia tena, na mimi sikumsalimia. Lakini alipofika kwenye vitanda vyetu, ngozi ikishapakwa, alikuwa akiinua mikono yake juu kidogo na kusimama akitazama dirishani mpaka nesi amwambie. Alisimama kwa kiburi, amenuna. Nilimwacha na kiburi chake. Nilichotaka ni asimame.

Binti yangu akapata nguvu ya kunyonya, akawa ananing'ang'ania hadi naumia. Siku kanula ilipotolewa, niliomba niibandue plasta mwenyewe. Chini yake kulikuwa na kitone kama cha kuumwa na mbu, na ngozi ya kawaida pande zote. Sikuona wekundu wala uvimbe. Niliinama nikapanusa, na hapakuwa na harufu yoyote isipokuwa ya mtoto. Furaha na hasira vilinijia pamoja, na sikuweza kuvitenganisha. Ilikuwa inawezekana wakati wote.

Tuliporuhusiwa, kitanda cha jirani yangu kilikuwa na msichana kutoka Bukundi, mzazi wa kwanza, mwanawe ana homa na anasubiri kuwekewa kanula. Kiswahili kilimpiga chenga, na kila aliyevaa koti jeupe alimtisha. Nilimpa chupa ya spiriti iliyobaki na bahasha ya pamba tuliyoichemsha. Daktari alikuwa kwenye kitanda kinachofuata, ametupa mgongo. Nilimweleza yule msichana kwa Kisukuma, neno kwa neno, kisha nikarudia kwa Kiswahili ili kila mwenye masikio wodini asikie: apakwe kuanzia katikati, asiguswe tena, na mtu asubiri.

"Na akinikasirikia?" aliniuliza.

"Mwache akasirike," nilisema, nikimfunga mwanangu vizuri kwenye kitenge. "Wakati anakasirika, inakauka."